Mtunzaji wa mgonjwa nyumbani: sheria inampa nini, na serikali bado haijampa nini

SWALI: Ninaishi Nyalenda hapa Kisumu na nina cheti cha usaidizi wa uuguzi. Kwa zaidi ya miaka miwili sasa namtunza mzee aliyepata kiharusi, nyumbani kwake Migosi. Naingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Namwogesha, namlisha, namgeuza asipate vidonda vya kulalia, namnyoosha viungo na kumpima presha. Binti yake, ambaye ni mwalimu, hunitumia 9,000 kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Hatujaandikiana chochote. Ni mtu mwema na sitaki kumkosea. Jirani yangu ni mhudumu wa afya ya jamii, naye ananiambia posho yake ni 5,000. Je, serikali ina sera yoyote ya mshahara wa haki kwa watu kama sisi, ama kila mtu apate kulingana na moyo wa mwajiri?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi, na asante kwa kuieleza waziwazi. Sheria ipo, na inakupa haki ya zaidi ya hizo 9,000. Lakini sheria hiyo haikuandikwa ikimfikiria mtu anayefanya kazi yako. Nitaanza na unachostahili leo, kisha nieleze pale ambapo serikali haijafika.

Katiba ya Kenya yenyewe, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Haibagui kiwanda na sebule ya mtu. Kuna waajiri ambao bado wanaamini kwamba kazi ya nyumbani ni mapatano ya kifamilia yasiyohusu sheria. Hawako sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakuhesabu kuwa mfanyakazi kama karani wa benki, na mahakama za kazi zimelisema hilo mara nyingi. Mwajiri wako ni huyo binti, kwa sababu ndiye anayekulipa na kukupa maagizo, hata kama anayehudumiwa ni babake.

Kiwango cha chini cha mshahara huwekwa na Waziri wa Leba kwa ushauri wa baraza la mishahara, ambamo hukaa wawakilishi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi. Nyongeza kwa kawaida hutangazwa Mei Mosi, lakini tangazo la jukwaani halimfungi mwajiri mpaka lichapishwe katika gazeti rasmi la serikali kama agizo la mishahara. Nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024, kwa mfano, ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024. Hesabu zangu zote hapa ni za agizo hilo, na kila agizo jipya huziinua.

Kwa jiji la Kisumu, mfanyakazi wa daraja la chini kabisa, ambamo agizo limewaweka vibarua wa jumla, wafagiaji, yaya na watumishi wa nyumbani, hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Huo ni mshahara wa msingi tu. Kama mwajiri hakupi mahali pa kulala, anaongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, yaani shilingi 2,417. Wewe unalala kwako Nyalenda, kwa hiyo posho hiyo ni yako.

Halafu kuna saa. Kanuni za mishahara ya jumla zinaweka wiki ya kazi ya saa 52, zikigawanywa kwa siku sita. Kinachozidi hapo hulipwa kwa kiwango cha saa moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa maradufu. Saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Kwako ni shilingi 71.62, na saa ya ziada ni shilingi 107.43.

Tuseme unapata saa moja nzima ya kula na kupumzika, ukiwa huru kweli. Unabaki na saa 11 kwa siku, saa 66 kwa wiki. Saa 14 zinazidi kila wiki, na kwa mwezi ni kama saa 60, ambazo thamani yake ni karibu shilingi 6,446. Jumlisha mshahara wa msingi, posho ya nyumba na saa za ziada: unafika karibu shilingi 24,977 kwa mwezi. Unalipwa 9,000. Kama chakula cha mchana unakila kando ya kitanda huku ukimwangalia mzee, huo si muda wa mapumziko, ni kazi, na tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Huenda ukasema ulikubali mwenyewe hizo 9,000. Sheria ya Taasisi za Leba ya mwaka 2007 imelijibu hilo: mapatano yoyote ya chini ya agizo la mishahara husomwa kana kwamba kiwango cha agizo ndicho kilichoandikwa. Kukubali kwako hakukuondolei haki. Na chai na chakula unachopewa pale ni ukarimu, hakigeuki kuwa sehemu ya mshahara kwa sababu tu mwajiri amekihesabu moyoni.

Hamjaandikiana, na hilo pia linamwangukia mwajiri. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Mkibishana mbele ya mahakama kuhusu saa au malipo, naye hana karatasi, sheria inamtaka yeye athibitishe, si wewe. Una haki pia ya siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili. Anapaswa kukuandikisha NSSF, yaani mfuko wa pensheni, achangie asilimia 6 na kukukata asilimia 6, awasilishe makato yako ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kutoka kila upande. Kama hajawahi kukulipia NSSF, siku mkiachana anadaiwa malipo ya utumishi ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Hayo ndiyo yaliyopo. Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, la sera ya haki.

Soma tena daraja ulilowekwa. Agizo la mishahara lina yaya wa watoto, lina mtumishi wa nyumbani, lina mpishi, mhudumu wa hoteli, dereva wa gari dogo na mlinzi wa usiku, kila mmoja na mahali pake. Halina mtunzaji wa mgonjwa wala wa mzee. Mtu mwenye cheti, anayejua kumhamisha mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kumteguza bega, anayetambua presha imepanda kabla mzee hajaanguka mara ya pili, anasukumwa chini pamoja na kazi ambayo agizo linaichukulia kuwa haihitaji ujuzi. Mlinzi wa usiku mjini Kisumu ana kiwango cha karibu shilingi 18,000, kwa sababu wapangaji wa mishahara walikubali kwamba kukesha ni mzigo. Na ni sawa, anastahili. Lakini mwanamke anayekesha ndani ya nyumba ile ile, akimgeuza mgonjwa saa nane za usiku, agizo halimwoni. Lango linalolindwa limepewa thamani kuliko mwili wa mgonjwa unaolindwa, na sioni hoja yoyote ya kiuchumi inayoweza kulitetea hilo.

Geografia nayo inaongeza dhuluma. Mwenzako aliye Kakamega mjini, palipokuwa manispaa, anahesabiwa karibu shilingi 14,867. Aliye kijijini Nyakach, karibu 8,600. Maana yake ni kwamba zile 9,000 zako, ambazo Kisumu ni kinyume cha sheria, zingepita kama mshahara wa msingi halali mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kodi ya nyumba kijijini ni nafuu, nakubali. Lakini mgonjwa wa Nyakach hana uzito mdogo kuliko wa Migosi, na mara nyingi anayemtunza kule hana maji ya mfereji wala msaada wa karibu mambo yanapoharibika.

Utauliza kwa nini imekuwa hivi. Sababu ya kwanza naiona kwenye historia ya kazi yenyewe. Kutunza mgonjwa kulifanywa na mke, binti, mkaza mwana au shangazi, bila malipo, na bado ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Utafiti wa serikali wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha wanawake wakitumia muda mara kadhaa zaidi ya wanaume katika kazi za nyumbani na utunzaji zisizolipwa. Kitu ambacho watu wamezoea kukipata bure, siku kikianza kulipwa, malipo yake huanzia chini sana. Sababu nyingine ni kwamba ukaguzi wa leba ulijengwa kwa ajili ya viwanda, mashamba ya miwa na hoteli, mahali penye wafanyakazi wengi na daftari la mishahara. Hakuna afisa anayepita Migosi akigonga mlango mmoja mmoja kuuliza mtunzaji analipwa ngapi.

Sababu nzito kuliko zote ni pesa, na hapa nataka tumtendee haki mwajiri wako pia. Mwalimu akitoa shilingi 25,000 kila mwezi kumlipa mtunzaji wa babake, nepi za watu wazima na dawa za presha bado hajazinunua. Mzee akishafika miaka 70 na kuandikishwa katika Inua Jamii, serikali humpa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa chini wa Kisumu, hizo haziwezi kumlipa mtunzaji hata kwa siku nne. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Sehemu ya familia tunaiona kila siku. Sehemu ya Serikali ndiyo 2,000. Pengo linalobaki linajazwa na wewe, kwa kulipwa chini ya thamani yako. Ndiyo maana nasema mshahara wa mtunzaji hauwezi kuwa wa haki kwa kumbana mwajiri peke yake, hata kama sheria inaruhusu kumbana.

Kuhusu jirani yako, hapo serikali haina familia ya kusingizia, maana mwajiri ni yenyewe. Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii tarehe 25 Septemba 2023 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, zaidi ya watu 100,000 nchi nzima wakipewa mikoba yenye vifaa na simu za kuandikia takwimu. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka huo iliwatambua rasmi, na hilo lilikuwa jambo la maana kwa watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakijitolea bila chochote. Lakini malipo yao ni 5,000 kwa mwezi, 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti, na huitwa posho ili yasihesabiwe kuwa mshahara. Kwa jina hilo, agizo la mishahara haliwagusi. Hoja ya serikali ni kwamba kazi yao si ya kutwa nzima. Basi muulize jirani yako ana nyumba ngapi. Mpango unakusudia kila mmoja ahudumie takriban nyumba 100: kupima presha na sukari, kufuatilia wajawazito, kuangalia watoto wenye utapiamlo, kuwapeleka wagonjwa zahanati. Kazi hiyo ikifanywa inavyopaswa haibaki ya saa mbili tatu kwa wiki. Serikali inayowalipa hivyo wahudumu wake yenyewe inapoteza nguvu ya kumwambia mwalimu wa Migosi kwamba 9,000 ni kidogo.

Je, kuna nchi iliyowahi kulitatua? Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa New Zealand. Kristine Bartlett alikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee kwa zaidi ya miaka 20, akilipwa dola 14.46 kwa saa, juu kidogo tu ya kima cha chini. Kwa msaada wa chama chake cha wafanyakazi alikwenda mahakamani akidai kwamba kazi hiyo inalipwa duni kwa sababu inafanywa na wanawake. Mwajiri akajitetea kwamba hata wanaume wachache alionao kwenye kazi hiyo wanalipwa vivyo hivyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mlinganisho unaweza kutoka nje ya mwajiri huyo, kwenye kazi nyingine zenye ujuzi na mzigo unaofanana. Serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa ikigharamia sehemu kubwa ya huduma hizo, ikaketi mezani. Mwaka 2017 ilipitishwa sheria iliyowapandishia mishahara watunzaji wapatao 55,000, ikitengewa dola bilioni 2 za nchi hiyo kwa miaka mitano, na ngazi za malipo zikafungwa na vyeti na uzoefu. Si kwamba vita viliisha hapo. Mei 2025 bunge la nchi hiyo lilibadilisha kwa haraka sheria ya madai ya aina hiyo na kusimamisha madai 33 yaliyokuwa yakiendelea. Ushindi wa aina hii unahitaji kulindwa kila mwaka wa bajeti.

Sheria yetu ya Ajira, kifungu cha 5, nayo inasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Shida ni kwamba inamfunga mwajiri kuhusu wafanyakazi wake mwenyewe, na wewe uko peke yako katika nyumba ile. Utalinganishwa na nani? Kwa hiyo kwetu njia ya karibu zaidi ni agizo la mishahara lenyewe: mtunzaji wa mgonjwa awekewe daraja lake, juu ya kazi ya jumla, lenye ngazi ya mwenye cheti na asiye nacho, na kiwango cha kukesha kama cha mlinzi. Hilo halihitaji bunge. Linahitaji baraza la mishahara kupendekeza na waziri kutia saini. La pili ni ruzuku ya utunzaji kwa familia zenye mgonjwa asiyejiweza, ili mwalimu wako aweze kulipa inavyotakiwa bila kuuza shamba. Serikali imekuwa ikiandaa sera ya kitaifa ya kazi za utunzaji, na Mkutano wa Kimataifa wa Kazi mwezi Juni 2024 ulipitisha azimio kuhusu uchumi wa utunzaji. Mimi nitaipima sera yoyote ya aina hiyo kwa swali moja: kifungu cha bajeti kiko wapi?

Maamuzi hayo hayatakuja bila sauti yenu. Chama cha KUDHEIHA ndicho kinachowasajili wafanyakazi wa nyumbani na wa hospitali, na mtunzaji ana haki ya kujiunga. Watunzaji wakiwa wachache ndani ya chama, madai yao hayafiki kwenye meza ya baraza.

Turudi kwako na mwajiri wako mwema. Nakushauri usianze na Ofisi ya Leba. Anza naye, siku ambayo hana haraka, na uende na karatasi yenye hesabu niliyoiandika hapo juu. Mwambie unajua uwezo wake na unataka muendelee. Kisha mtafute saa zinazolingana na pesa alizo nazo. Kama hawezi kulipia saa 66, na apunguze: labda uingie asubuhi, umwogeshe mzee, umlishe na kumnyoosha viungo, uondoke saa nane, na jamaa wachukue zamu ya jioni. Hapo saa za ziada zinakwisha na wewe unapata nafasi ya kazi nyingine au ya watoto wako. Mshahara wa msingi hata hivyo lazima ufike kiwango cha Kisumu kwa mtu wa kazi ya mwezi mzima. Akisema atapandisha kidogo kidogo, yaandikwe, na tarehe ziwekwe. NSSF na SHA zianze mwezi huo huo, kwa sababu mgongo wa mtunzaji huumia, na siku ukiumia utahitaji pa kushika.

Wakati huo, nunua daftari. Andika kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka na ulichofanya, hasa Jumapili au sikukuu ulizoitwa. Usifute ujumbe wa M-Pesa, huo ndio ushahidi wako mkubwa wa malipo. Mkishindwa kuelewana, Ofisi ya Leba ya Kisumu hupokea malalamiko na kuwaita nyote wawili kusuluhishwa bila malipo. Likishindikana hapo, mahakimu waliopewa mamlaka husikiliza kesi za kazi za watu ambao mshahara wao hauzidi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo huhitaji kuanzia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kukufuta kwa sababu umelalamika si sababu halali kisheria. Na usikae sana: dai la kazi hufa baada ya miaka mitatu, na kwa muda uliokaa pale bado una nafasi ya kudai karibu yote, lakini kila mwezi unaopita unaisogeza miezi ya mwanzo karibu na ukomo huo.